Fundi Aliyekuwa Ananusa Redio

Hebu niambie wewe, ungeweza kumpa mtu redio yako aipasue tumbo, halafu ugeuze mgongo uende zako sokoni kuchagua vitunguu? Thubutu! Karatu ile ya miaka ya sabini hakuna aliyegeuza mgongo. Mtu akipeleka redio kwa Fundi anabeba na kigoda chake, anabeba na viazi vyake vya kuchemsha kwenye kitambaa, anakaa pale macho yamemtoka kama mama aliyeweka mtoto chini na fisi anapita.

Huyo Fundi ndiye nataka nikusimulie. Alikotoka sijui, ukoo wake sijui, usinihangaishe. Mimi nilimkuta ameshafika. Kibanda chake cha mbao kilikuwa nyuma ya duka la ushirika, ukielekea barabara ya Ngorongoro, na lile vumbi jekundu lilikuwa limemwingia mpaka kwenye kope. Mrefu, mwembamba, koti la mvua mwilini hata jua likiwaka, miwani imeshikwa sikioni na kipande cha waya. Na pua sasa! Pua yule baba alipewa, nakwambia.

Ukimpa redio hafungui. Anainusa kwanza. Anaileta puani taratibu, anafumba macho, sisi tumenyamaza kama tuko kanisani.

"Hii imekaa jikoni."

"Ndiyo, Fundi."

"Hii imemwagiwa pombe upande wa kushoto."

"Eeeh, Fundi, ni shemeji yangu."

"Hii ina mende. Mmoja. Ameshakufa."

Anafungua, mende huyo hapo, miguu juu! Watu wanacheka mpaka wanashikana. Wengine walisema ana dawa. Mimi nilisema mende anakuja naye mfukoni. Ndiyo, nilisema hivyo, na nilisema kwa sauti, maana nilikuwa nauza karanga pale nje ya kibanda na mdomo wangu wakati ule haukuwa na mlango.

Akishanusa, anauliza swali lake. Kila siku lile lile, uwe mzee wa kanisa, uwe mlevi.

"Nani ameifungua kabla yangu?"

"Hakuna, Fundi."

"Hakuna. Basi huyo Hakuna ana kisu cha mezani, maana skrubu zote amezikwaruza."

Hapo unaangalia chini, kwa sababu ni kweli. Hakuna nyumba ambayo redio ikikohoa kidogo baba hakuchukua kisu. Kwa hiyo ndivyo tulivyoishi naye: yeye anatushuku sisi, sisi tunamshuku yeye, na kazi inaendelea. Wala hakukasirika. Alikuwa anasema, "Usiniamini. Kaa hapa uone." Skrubu akizitoa anakuwekea wewe mwenyewe kiganjani. "Shika. Ikipotea moja, umepoteza wewe." Nimeona watu wazima wamekunja ngumi toka asubuhi mpaka mchana, hata kujikuna hawawezi.

Jumapili sasa, baada ya ibada, ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Wanaume wote wenye kitu kipya wanakuja pale kibandani kukionyesha. Umeme Karatu haujafika, kila kitu ni cha betri au cha kutia ufunguo. Huyu ana tochi ya betri tatu, anamulika mchana kweupe. Yule ana redio ya kaseti, anairudisha kanda nyuma anatusikilizisha kikohozi cha bibi yake. Siku mwalimu wa shule ya msingi alipokuja na saa inayong'aa gizani, wanaume sita waliingiza vichwa ndani ya koti lake kuiangalia. Sita! Mimi nikasema jamani, mwalimu amepata mimba.

Lakini ukionyesha kitu, jiandae. Swali la kwanza haliwi "kinafanya nini". Linakuwa "umekipata wapi?" Vitu vilikuwa adimu, mpaka wa Kenya umefungwa, ukiwa na kitu kipya watu wanakupima kwa macho: hiki kimepita njia gani? Dereva mmoja wa watalii alikuja na mashine ya hesabu, ndogo kama kipande cha sabuni, anasema amepewa na mzungu kule kreta.

"Mzungu akupe kitu kizima?" mwalimu akamwuliza. "Hiyo lazima ni mbovu."

"Iulize basi."

"Kumi na saba mara kumi na tatu."

Dereva akabonyeza. Ikatoa mia mbili ishirini na moja. Mwalimu akachuchumaa, akachukua kijiti, akaandika vumbini, akapata mia mbili na kumi na moja. "Si niliwaambia? Ni mbovu!" Fundi akaichukua ile mashine, akainusa, akairudisha. "Mashine nzima. Mwalimu, rudia." Weee! Mwalimu alifuta vumbi kwa kiatu, akaondoka na saa yake.

Kwa sababu ya kule kushukiana, kila mtu alikuwa na alama yake. Tulikuwa tunaamini kabisa kwamba mafundi wanatoa kitu kizima ndani ya redio yako, wanaweka kibovu, wewe unarudi nyumbani unaimba. Basi mwalimu aliandika jina lake ndani kwa wino. Mzee wa kanisa alibandika kipande cha stempu. Kuna mama alifunga uzi mwekundu. Fundi akifungua anaziona zote, anacheka puani, haguswi na maneno.

Aliyekuwa hana alama ni mzee mmoja wa Kimaasai kutoka Malambo. Yule alikuja na redio imening'inia shingoni ndani ya mfuko wa ngozi, akakaa siku mbili nzima. Fundi alipofungua, mzee akainama, akaangalia vile vidude vyenye mistari ya rangi rangi, kimoja kimoja, kama mtu aliyesimama mlangoni mwa zizi ng'ombe wakiingia. Nikamwuliza, "Mzee, unavihesabu?"

"Yeyo," akaniita mama kwa Kimaasai, "kuhesabu ni kwa watu wa duka. Mimi naangalia."

Jioni Fundi anataka kufunga, mzee akanyoosha fimbo. "Yule wa kahawia mwenye mstari mwekundu shingoni yuko wapi?"

Fundi akatafuta mezani. Hayupo. Akatafuta chini. Akakikuta kimenasa kwenye mkono wa koti lake. Basi akamwangalia yule mzee kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu mwingine, hata mchungaji.

Mambo yake mengine hayakupatana yenyewe kwa yenyewe. Chakula cha mtu hakuli. Alikula vitu vilivyovaa nguo zake vyenyewe tu: yai la kuchemsha, ndizi, karanga za maganda, ndiyo maana nilimjua, alikuwa mteja wangu. Nikimkaribisha chai anasema, "Asante mama, chai haina ganda." Mtu anayeogopa sumu namna hiyo ungedhani kibanda kina kufuli tatu. Wapi! Alifunga mlango kwa kamba ya katani, redio za watu zimejaa ndani. Na yeye mwenyewe hana redio. Akishatengeneza ya mtu, ikianza tu kuimba, anaizima pale pale. "Imeshasema. Kazi yangu imeisha." Mimi hilo lilinipa wasiwasi kuliko yote. Mtu gani anapenda kitu hivyo halafu hataki kukisikia?

Sasa twende kwangu, maana nimezunguka makusudi.

Mume wangu, Baba Paskali, alikuwa kambi ya barabara kule juu Ngorongoro, anaendesha greda. Anarudi mwisho wa mwezi, ukungu wote umemkaa kwenye nywele. Mwaka mmoja akarudi na redio. Bendi tatu, koti lake la ngozi, na mkanda wa kuvaa begani. Akaiweka mezani, akanikalisha. "Mama Paskali, kuwasha na kuzima. Zaidi ya hapo, mkono wako usifike." Baba Paskali hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Lakini kitu kipya kilikuwa kinamgeuza mtu mwingine.

Akarudi kazini. Baada ya siku chache redio ikanyamaza, kimya, kama imekatwa ulimi. Nikaipigapiga, wapi! Nikaamua kuipeleka kwa Fundi kabla mwisho wa mwezi haujafika. Lakini kabla sijaipeleka, mimi huyu huyu nikachukua kisu cha mezani. Nikaifungua. Nikawasha mshumaa, nikadondoshea nta nyuma ya spika, pale kwenye kile chuma cha sumaku, tone moja kama punje ya maharage. Alama yangu hiyo. Nikafunga vizuri, nikaenda.

Fundi akanusa. "Nani ameifungua kabla yangu?"

"Hakuna."

Akaniangalia juu ya miwani. Utani wake wa kisu siku hiyo hakuutoa. Akafungua akakuta waya umeng'oka, na risasi ya kuchomelea imemwishia. "Iache ilale hapa. Kesho." Nilitaka kukaa, lakini Paskali alikuwa nyumbani ana homa. Nikaiacha, usingizi sikupata. Kesho yake nikaikuta imefungwa, akaiwasha ikaimba, akaizima, nikaichukua mbio mbio.

Ukaja mwezi wa saba. Unaijua baridi ya Karatu mwezi wa saba? Ukungu toka asubuhi, jua hulioni. Betri zikachoka, na madukani hakuna. Kipindi kingine tulikuwa tunazianika juani zinapata nguvu, lakini jua liko wapi? Basi mimi kwa akili zangu nikaichukua redio nzima na betri zake ndani, nikailaza kifudifudi kwenye kichanja juu ya mafiga, ipate joto. Asubuhi naiweka, mchana naitoa, inasema vizuri. Siku ya nne ikaanza kukwaruza. Siku ya tano ina sauti ya mzee mwenye mafua. Nikaifungua kwa kisu changu. Nikaangalia nyuma ya spika.

Nta haipo.

Nikajua. Nikasema moyoni, nimemshika leo! Ametoa spika yangu nzima ameniwekea ya redio marehemu.

Baba Paskali akarudi Jumamosi, akawasha, akasikia ule mkwaruzo. Akauliza taratibu sana, "Nani ameigusa hii?" Mimi kisu sikukitaja, nta sikuitaja. Nikasema, "Ilizimika, nikaipeleka kwa Fundi, ikalala kwake, ikarudi na koo jingine."

Jumapili tukaenda wote. Pale kibandani watu wamejaa na vitu vyao. Nikasimama katikati, nikapaza sauti mpaka mbwa wakabweka. "Huyu ni mwizi! Ametoa spika yangu! Na zenu mkaziangalie!" Hebu fikiria, watu ambao miaka yote wanasubiri mmoja tu aseme. Kila mtu akakumbatia kitu chake. Akaitwa balozi wa nyumba kumi, akaja na daftari lake.

"Fundi, mama huyu anasema kweli?"

"Niifungue hapa mbele yenu," Fundi akasema.

Akaifungua. Akainamisha pua. Nikamwona anapitisha ukucha kwenye ile karatasi ya spika, kwa nyuma. Akakwangua kitu, akakiviringisha kwenye vidole. Hapo ndipo na mimi nikaelewa. Nta yangu! Ilikuwa imeyeyuka juu ya mafiga, ikatiririka kutoka kwenye sumaku, ikagandia kwenye karatasi. Ndiyo iliyokuwa inakwaruza. Spika ilikuwa ile ile.

Fundi akainua kichwa. "Nani ame—" akasema. Akaniangalia mimi. Akamwangalia mume wangu. Swali likaishia hapo hapo. Miaka yote ile ndiyo mara ya kwanza hakulimaliza.

"Spika imechoka," akasema. "Nitaweka nyingine ya kwangu."

Watu wakaguna. Ukisema utaweka nyingine si umekiri? Balozi akaandika. Spika ikawekwa palepale, redio ikaimba vizuri, Baba Paskali akaivaa begani. Na watu wakaanza kuingia kibandani kutoa redio zao, mpaka zile zilizokuwa matumbo nje, wanazibeba kwenye vikapu kama kuku waliochinjwa. Mwalimu akasema, "Hata juu ya mashine ile ya hesabu alisema uongo." Mtu mmoja tu alibaki. Mzee wa Malambo, alikuwa amerudi na redio yake. Akasema, "Mimi nilikaa siku mbili. Niliangalia. Hakuna aliyepotea." Nani amsikilize?

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimesimama pale pale, mdomo huu huu. Nikanyamaza.

Unadhani nilimshukuru? Nilimshuku zaidi! Nikasema, huyu ameniweka mfukoni. Siku moja atakuja kudai. Atataka nini sijui, lakini atakuja. Alipokuja kununua karanga nilimpimia kopo likiwa na kilima. Akala karanga zake, akaondoka. Wiki nyingine tena hivyo hivyo. Mbwa akibweka nachungulia dirishani. Hakuja. Kazi hakuna mtu aliyempelekea tena, akawa anakaa mlangoni na koti lake. Baada ya mvua za masika akafungasha, wakasema ameondoka na yule mzee kwenda Malambo. Unajua nilijisikiaje? Nilijisikia vizuri. Sikufichi.

Ikapita miaka, ni mwishoni mwa themanini sasa, Paskali ameshaota ndevu. Akina mama wa kanisa tukaalikwa Malambo, kuna kanisa jipya linafunguliwa. Tumefika na vumbi letu, naona mtu amepiga magoti chini ya ukuta, ana kipaza sauti amekifungua. Koti la mvua! Nywele zimekuwa nyeupe kabisa.

"Shikamoo, Fundi."

Hakuinua kichwa. "Marahaba, Mama Paskali. Karanga hujaleta?"

Nikamwambia nina neno naye, tusogee. Tukasogea mpaka nyuma ya choo cha kanisa, maana nilitaka mahali ambapo hakuna mtu. Nikasema kwa haraka, "Ilikuwa nta. Niliiweka mimi. Nilifungua mimi."

"Najua."

"Ulijuaje kama ni mimi?"

"Redio ilinuka mshumaa siku ya kwanza ulipoileta. Mara ya pili ilinuka mshumaa na moshi."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akavua miwani, akaifuta kwa koti, ikazidi kuchafuka. "Ningesema nta, wangesema nimeimwaga mimi. Si ndivyo? Wewe mwenyewe ulisema mende natembea nao mfukoni."

Nikaona aibu, alikuwa amesikia!

"Na mumeo," akasema, "alikuwa ameuzungusha ule mkanda wa redio kwenye kiganja. Mizunguko miwili. Nikaona mimi nitahama tu Karatu. Wewe ungerudi nyumbani na nani?"

Nikalia. Nikamwambia, "Fundi, nisamehe."

Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe. Akasema, "Mama, wizi wangu uliutangaza mbele ya watu wote wa Jumapili. Msamaha umeniletea nyuma ya choo." Wala hakusema kwa hasira, alisema kama anavyokwambia waya umekatika wapi. "Rudi Karatu. Sema pale pale uliposemea. Mimi si lazima niwepo."

Nikamwahidi. Nikarudi. Baba Paskali alikuwa hai, nikasema ngoja kwanza. Baba Paskali akafariki, nikasema nisimchafue marehemu. Halafu watu wa Malambo wakaja mnadani, wakaniambia Fundi naye amezikwa. Nikasema basi, imekwisha. Haikwisha. Mpaka leo mtu akiniita mkweli, nageuza maneno haraka.

Sasa mjukuu wangu Neema, binti wa Paskali, ana kibanda chake hapa hapa Karatu, anatengeneza simu na kompyuta. Jumapili vijana wanajaa pale, huyu amenunua hiki, yule amebadilisha kile, wanabishana mpaka jua linazama. Mimi nawekewa kiti, nafurahi kuwasikiliza ingawa sielewi kitu. Juzi kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Usiiache hapa ikalala, watakutolea vya ndani." Nikacheka. Nikacheka mpaka nikajikuta nalia, Neema akafunga kazi, akaja kunishika. Nikamwambia yote, kama nilivyokwambia wewe.

Yeye hakucheka. Akauliza tu, "Bibi, wale wa siku ile wamebaki nani?"

"Mwalimu yupo, ila haoni. Na watoto wa balozi."

Akaniahidi kwamba Jumapili hii atamfuata mwalimu kwa pikipiki, atawaita watoto wa balozi, atawanyamazisha vijana wote wa kompyuta, na mimi nitasimama katikati. "Na ukishindwa kusema, Bibi, nitasema mimi," akaniambia. "Lakini jina la Fundi utalitaja wewe."